Vizuizi vya Mawe na Wivu Wangu kwa Adventina

Vijana wangu mnaopima mitaro, nasikia siku hizi mna kindege kinachoruka juu ya kilima na kuwaletea ramani ya mteremko kabla chai haijapoa. Nawaonea wivu. Nalisema mapema msije mkadhani naandika kwa moyo wa babu anayegawa baraka. Wenzangu walistaafu na cheti cha shukrani, mimi nilistaafu na cheti na wivu. Cheti sijui kiko wapi.

Naitwa Projestus, naishi Ndama, na nimekuwa fundi sanifu wa barabara karibu maisha yangu yote ya kazi, kwanza huku Karagwe, baadaye na upande wa Kyerwa ilipokuwa wilaya. Kazi yangu hasa ilikuwa maji ya mvua. Barabara ikiwa nzuri watu husifu udongo wa moramu na greda, hakuna anayesifu mtaro. Mtaro husikika siku unapokosea tu, na siku hiyo hata mlevi wa kijiji huwa mhandisi.

Mtaro ninaouzungumzia si ule wa saruji wa mjini. Ni ule mpana wa nyasi unaoshuka kando ya barabara ya kilimani. Ukiuacha hivyo hivyo, maji hushuka mbio, yanachimba, na baada ya misimu michache una korongo. Kwa hiyo tunapanga mawe kukatisha mtaro, hapa na pale, tunaita vizuizi. Kizuizi si bwawa, tafadhali shikeni hilo. Maji kidogo yapite katikati ya mawe, maji mengi yapite juu, na yote yakifika chini yawe yamechoka.

Sasa, kujua maji kiasi gani yatapita katikati ya mawe na kiasi gani yatapita juu, hapo ndipo penye modeli. Modeli ni mtaro wa uongo unaoutengeneza ili mtaro wa kweli usikuumbue. Ninyi mnautengeneza ndani ya kompyuta. Sisi tuliutengeneza kwa hesabu kwenye karatasi, na mara moja tuliutengeneza ndani ya chombo cha pombe. Nitafika huko.

Aliyenifundisha ni Mzee Respikius, msimamizi wetu. Mtu mfupi, mkali, mpenda usafi wa viatu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona kwenye kazi ya matope. Alikuwa akisema, "Maji hayakuwa na haraka, ni wewe uliyeyapa haraka ulipochimba mtaro." Na alikuwa akitutoa ofisini mvua inaponyesha. Ukimwambia bado inanyesha, atakujibu, "Ukikagua mtaro wakati wa jua umekagua shimo." Chukueni mwavuli, vijana, mwende. Kipande cha shina la mgomba kikitupwa juu ya maji kinatosha kukuonyesha mwendo wake, na hakihitaji betri.

Nilikuwa kipenzi chake. Nasema nilikuwa, kwa sababu baadaye alikuja Adventina.

Adventina alikuwa fundi sanifu kama mimi, chuo kama changu, ila alinifuata kwa miaka kadhaa. Kwao ni wafugaji, watu wa ng'ombe na nyika pana. Alikuja kazini siku ya kwanza na chupa ya maziwa mkononi, akaniamkia, "Shikamoo kaka," nikaitikia marahaba kwa upole kabisa. Laiti ningejua. Binti yule alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Kwa nini jiwe hili na si lile? Kwa nini mnaanza kupanga kutoka chini? Nilimjibu vizuri wiki ya kwanza. Baadaye nikawa najifanya natafuta kalamu.

Mzee Respikius alikuwa akisoma hesabu zangu, anakunja karatasi, anasema, "Sawa." Miaka yote nilidhani hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Kisha siku moja alisoma hesabu za Adventina, akainua kichwa, akaita ofisi nzima, "Njooni mwone." Nilikwenda nikaona. Zilikuwa nzuri, na ndiyo maana chakula cha mchana kilinishinda.

Wahenga wana usemi kwamba wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi sikukonda. Mke wangu ni shahidi, alikuwa akinitazama nikirudi nyumbani nimenuna na sahani mbili za ndizi na maharage zinaisha, anasema, "Wivu wa wanawake nimeuona, wivu wa mashamba nimeuona. Wivu wa mtaro ndio naanza kuuona kwako."

Ngoja niwape kitu cha mkononi kabla sijaendelea kulalamika. Mkipanga vizuizi, msipange kwa macho wala kwa hatua sawasawa. Chukueni mpira wa maji, ule mpira mwembamba mwangavu, mtafute mahali ambapo kichwa cha kizuizi cha chini kinalingana na mguu wa kizuizi cha juu. Mteremko ukiwa mkali vinakaribiana, ukilegea vinaachana. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko mabega, ule ndio mdomo wa maji. Mabega mchimbie ndani ya kingo. Na upande yanakoangukia maji mlaze sakafu ya mawe, la sivyo maji yatachimba chini ya kizuizi na kukiangusha kifudifudi. Haya yote niliyajua kabla ya Adventina kuzaliwa kikazi. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Dada yangu Leokadia, mkubwa wangu, aliolewa Nyakakika. Mumewe, shemeji Elpidi, alikuwa mtu wa rubisi, pombe yake ya ndizi ilijulikana hadi ng'ambo ya kilima. Alipofariki tulimzika kibanjani, katikati ya migomba yake, chini kidogo ya nyumba, kama ilivyo desturi yetu. Mtu wetu hatumpeleki mbali. Anabaki pale, ndizi zinaendelea kuiva, na mjane akienda kukata mkungu anapita anamsalimia.

Juu ya kibanja kile inapita barabara ya kilimani, na mtaro wake unaishia mpakani kwa dada. Barabara ilipotengenezwa, maji yaliyokuwa yakishuka kila mahali kidogokidogo yakakusanywa mtaroni, yakaletwa yote sehemu moja. Korongo likafunguka. Kwanza lilichukua migomba ya pembeni, kisha miche ya kahawa, na likawa linapanda mwelekeo wa kaburi.

Dada alinipigia simu. Hakulia, si mtu wa kulia. Alisema tu, "Proje, maji yanamfuata shemeji yako."

Nikamwambia, "Niachie mimi, dada."

Mzee Respikius alikubali mtaro ule uwe wangu. Adventina akaomba tufanye wote, akasema hajawahi kufanya kazi kwenye mteremko wenye vibanja pande zote. Nikamjibu kwamba kaburi la shemeji yangu si mahali pa mtu kujifunzia. Nilijisikia vizuri sana nilipomjibu hivyo. Nakumbuka hata koti nililovaa.

Nikapiga hesabu. Mvua kubwa ya kilima kile nilikuwa naijua, eneo linaloleta maji nililipima, ukubwa wa mawe nikauchagua mwenyewe machimboni. Hesabu ikaniambia maji mengi yatapita katikati ya mawe, machache tu yatapita juu. Kwa hiyo nikaweka vizuizi virefu kwenda juu, midomo myembamba. Vilipendeza. Majirani walisaidia kubeba mawe, dada akapika, nami nikapita katikati ya watu mikono nyuma kama bwana harusi.

Vuli ikaingia. Mvua ya kwanza kubwa ilishuka mchana, na nilipofika asubuhi yake dada alikuwa amesimama kwenye ukingo wa korongo, khanga imelowa magotini. Vizuizi vyangu vilikuwa vimesimama vyote, havikuanguka hata kimoja. Maji yalivizunguka. Yalipita kwenye mabega, yakakata kingo, yakaanza njia mpya, na njia ile mpya ilikuwa imeelekea kwa shemeji. Lile korongo lilibakiza hatua chache kufika kwenye msalaba wake.

"Nilikuachia wewe," dada akasema.

Nikachunguza. Matope, majani, nyasi zimejaa kwenye mawe. Nikawaambia vibarua wasafishe. Uchafu ule nilikuwa nauona kila vuli tangu utoto wangu, na kwangu ulikuwa kitu kinachobaki baada ya mafuriko, kama makombo baada ya sherehe. Nikarudi kwenye hesabu, nikazirudia mara nyingi, kila mara zikaniambia niko sawa. Hakuna kitu kinachoudhi kama hesabu inayokuunga mkono wakati kilima kimekukataa.

Mzee Respikius akasema twende sote watatu Nyakakika, tukaone maji yanavyofanya. Nikamwambia mvua haipo. Akasema, "Tutaitengeneza." Tulipofika akazunguka nyumba ya dada, macho yakitafuta, akasimama kwenye upenu. Pale palikuwa na obwato ya marehemu, ule mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi za pombe, umepinduliwa chini juu. Tangu afe mwenyewe hakuna aliyekamua kitu ndani yake.

"Waitu Leokadia," Mzee akasema kwa adabu ya kwetu, "utaturuhusu tuazime chombo cha bwana?"

Dada akajibu, "Kama ni kwa ajili yake mwenyewe, chukueni."

Kwa hiyo, vijana, modeli yetu ya kwanza ya kweli ilikuwa obwato. Tuliuinamisha juu ya vipande vya shina la mgomba mpaka mteremko ukalingana na wa mtaro, tukajaza udongo na kuukandamiza uwe na umbo la mtaro, tukapanga vizuizi vya kokoto kwa vipimo vyangu vilivyopunguzwa. Tukaleta ndoo za maji kutoka kwenye tangi. Chombo kilikuwa bado kinanuka rubisi ya zamani, nyuki wakatuzunguka, na majirani wakaacha kupalilia wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama ofisi yetu imeanza kupika pombe.

Nikamwaga maji. Yakashuka, yakafika kwenye kokoto, yakatulia, yakapita katikati taratibu, machache yakapita juu kwenye mdomo. Sawasawa na karatasi yangu. Watu wakapiga makofi. Nikamwaga tena, na tena. Safi kabisa. Nilimtazama Adventina kwa pembe ya jicho.

Yeye hakuwa akitazama obwato. Alikuwa amechuchumaa kwenye migomba, anainua nyasi zilizotandazwa chini, anazinusa.

"Mama," akamwambia dada, "samahani, kwetu hatuna migomba. Hizi nyasi mmezimwaga hapa za nini?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, tena kwa sauti. Kumwuliza mwanamke wa Nyakakika kwa nini anatandaza nyasi kibanjani ni sawa na kumwuliza kwa nini anafunika chungu. Dada akamjibu kwa upole kwamba nyasi na majani makavu ya migomba hushika unyevu, huoza, huwa mbolea, na kila mtu hutandaza kabla ya mvua.

"Na mvua ikinyesha zinabaki hapahapa?"

"Nyingine hubaki. Nyingine hushuka, mwanangu. Ndiyo maana tunatandaza kila mwaka."

"Zinashukia wapi?"

Kicheko kikakatika. Nilisikia kichwa changu kikijibu kabla ya mtu yeyote, na nikatamani nife. Kilima kizima cha vibanja, kila kibanja kimetandazwa nyasi mpya wiki chache kabla ya mvua, na chini ya vyote hivyo kuna mtaro mmoja wenye mawe yangu masafi.

Adventina alikatakata nyasi na majani makavu vipandevipande, akazitupa ndani ya obwato, akaniambia, "Kaka, mwaga." Nikamwaga. Nyasi zikaja mbele, zikajibandika kwenye kokoto, matundu yakaziba, kizuizi kikawa ukuta. Maji yakapanda, mdomo wangu mwembamba ukazidiwa, yakatafuta bega, yakamega udongo, yakaruka nje ya chombo na kutua juu ya viatu vya Mzee Respikius.

Mzee aliangalia viatu vyake. Kisha akasema kwa sauti ya ofisini, "Njooni mwone."

Mnaelewa kilichoniuma? Kushindwa kwa hesabu nilikwisha kukuzoea. Kilichoniuma ni kwamba swali lile lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekata nyasi zile utotoni kwa panga, nikazibeba kichwani zikiniwasha shingoni, nikazitandaza kwa mama yetu. Kitu hicho kilikuwa changu kwa haki ya kuzaliwa, na akakiona mtu aliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na ni maneno mazuri sana mpaka mwenyeji awe wewe.

Basi tukafanya upya, na safari hii jina lake lilikuwa mbele ya langu kwenye mchoro. Vizuizi vifupi zaidi, vingi zaidi, midomo mipana inayoweza kupitisha maji yote hata kama hakuna tone linalopita katikati ya mawe. Mawe makubwa zaidi mbele. Tukazungumza na wenye vibanja vya juu, wakakubali kuacha ukanda wa nyasi hai kando ya mtaro ili matandazo yanaswe kabla ya kufika. Tukaziba ile njia mpya ya maji kwa gabioni, vile vikapu vya waya vinavyojazwa mawe, na kurudisha udongo. Nilifanya kazi kwa bidii kuliko wote, kwa sababu mtu akifanya kazi sana hakuna anayemwuliza anawaza nini.

Masika ilipokuja tulisimama pale sisi wanne na miavuli. Mvua ilishuka ya kweli, ile inayonyamazisha kuku. Maji yakaja mekundu, yamebeba nyasi, yakafika kizuizi cha kwanza, yakakiziba kama yalivyofanya kwenye obwato, yakapanda. Nilijikuta nimeshika mkono wa dada. Yakafika kwenye mdomo, yakapita hapo, yakaanguka kwenye sakafu ya mawe, yakavunjika. Kizuizi cha pili hivyohivyo. Yalipofika mpakani yalikuwa yanatembea. Kaburi la shemeji halikuguswa.

Dada aliingia ndani akatoka na kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna. Ninyi mliozaliwa juzi labda mnakiona kama kitafunwa tu. Kwetu, anayepewa kwanza ndiye anayeheshimiwa mbele za watu. Dada yangu wa tumbo moja alinipita, akampa Adventina kwa mikono miwili. Kisha Mzee Respikius. Kisha dereva wetu, aliyekuwa amebaki garini. Kisha mimi. Mcheza kwao hutunzwa, eti! Mimi nilicheza kwetu nikapata kahawa zilizobaki chini ya kikapu, zilizovunjika.

Tangu siku hiyo kila nikipiga simu Nyakakika, salamu zikiisha swali la kwanza ni, "Adventina hajambo?" Mkungu mzuri ukikatwa, "Huu mpelekee Adventina." Nilibeba mikungu ile kwenye pikipiki, vijana, umbali wote ule, nikaifikisha. Mmoja nilikusudia kuubakisha kwangu. Mke wangu akaniambia nitoke nao.

Kuhusu hiyo obwato, ilioshwa vizuri, au hivyo tulivyodhani. Mwaka uliofuata mpwa wangu Novati, mtoto wa dada, alioa, wakakamulia humo rubisi ya harusi. Wageni walisema pombe ina ladha ya barabara.

Kompyuta zilipokuja ofisini, mnadhani nani aliitwa kwenye mafunzo? Alirudi na programu inayokuuliza mteremko, kina cha maji, urefu wa kizuizi, ukubwa wa mawe na kiasi cha matundu. Nami nilijifunza, polepole, kidole kimoja. Sikilizeni vizuri hapa, maana wengi wenu mnateleza. Kwenye matundu msiandike namba ya mawe yaliyotoka machimboni. Endesheni modeli mara ya kwanza kwa mawe masafi, mara ya pili kwa mawe yaliyoziba nusu, mara ya tatu kwa mawe yaliyoziba yote, na mchore kwa ajili ya hiyo ya tatu. Kisha ulizeni majirani wanatandaza nini na lini. Kompyuta haina shangazi kijijini, haijui.

Adventina akapanda cheo, akapelekwa Kyerwa. Nilidhani nitapumua. Badala yake nikawa nikipita Isingiro, hukohuko Kyerwa, nasimamisha pikipiki kukagua mitaro yake, natafuta kosa. Siku moja nililipata. Mawe ya kizuizi yamehama, bega limevunjika kabisa. Nilifurahi mpaka nikampigia simu hapohapo. Akaja mwenyewe, akatazama chini, akaniambia, "Hizi ni kwato, kaka. Ng'ombe wanavukia hapa." Akajenga kivuko cha mawe pembeni, mifugo ikawa na njia yake na maji yana yake. Sasa vivuko hivyo vinafundishwa. Mimi ndiye niliyeona kwamba mawe yamehama, lakini hilo halifundishwi.

Mzee Respikius ametangulia. Mimi nikastaafu. Na mwaka jana dada Leokadia akaugua, akaenda taratibu, mwishoni mwa kiangazi.

Tulikaa ukoo usiku ule hadi kulipokucha, na asubuhi ikaja ile kazi ya kuonyesha mahali pa kuchimba. Kwetu inamwangukia mkubwa wa upande alikozaliwa marehemu, na hapo ni mimi. Nilikwisha kuiandaa moyoni. Nilijua nitamweka juu kidogo ya mumewe, na nilijua nitakachosema mbele ya watu, kwamba mimi ni mtu wa maji na hapa hayafiki. Nikasimama na jembe.

Novati akanisogelea, akanishika kiwiko. "Mjomba, samahani. Mama alikwisha kuonyesha."

"Alimwonyesha nani?"

"Alimwita Bi Adventina, alipokuwa bado anatembea. Walizunguka kibanja chote." Akaninyooshea upande mwingine kabisa, kushoto kwa shemeji, penye mwinuko mdogo ambao sikuwahi kuufikiria.

Nikamwuliza kwa nini hakuniita mimi. Nilijua sauti yangu si ya mtu mzima. Novati akanijibu kwa sababu tu nilimlazimisha.

"Alisema wewe unampenda mno, mjomba. Ungemwambia popote panafaa. Alitaka mtu wa kumwambia ukweli."

Tukamzika pale. Nilitupa udongo wangu, nikaongea maneno ya ukoo, nikafanya yote yanayompasa mdogo wa marehemu. Nilikuwa na shughuli nyingi, watu wa kuwapokea, vyombo vya kurudisha, na jioni zote zile nilikuwa nimeshikilia jambo moja tu rohoni: nisubiri vuli. Mvua ikija nitajua nani alikuwa sahihi.

Ikaja. Nilitoka Ndama asubuhi na mapema, nikafika Nyakakika ikiwa inamwagika. Nikashuka kibanjani, na kwanza nikaenda kwenye mahali nilipokuwa nimepachagua mimi. Maji yalikuwa yanapita juu yake, kina cha kifundo cha mguu, yametulia kabisa, kama wenye nyumba. Kisha nikageuka upande wa dada. Yalifika kwenye ule mwinuko, yakagawanyika, yakampitia pande zote mbili. Juu yake palikuwa pakavu isipokuwa matone ya mbinguni.

Na Adventina alikuwa amekwisha kufika. Nywele zake nazo zina mvi sasa. Alikuwa amesimama kando ya kaburi, mwavuli umeshuka mkononi, mvua inampiga, mabega yanamtetemeka.

"Shikamoo kaka," akasema, akijaribu kujifuta uso.

"Marahaba."

Siku zote zile, tangu Novati aliponipigia simu ya msiba mpaka asubuhi ile, sikuwa nimemlilia dada yangu. Nilikuwa nasubiri maji yaamue kwanza. Hata hapo, vijana, Adventina alikuwa amenitangulia.